Nani Kasema Kivulini Hakuoti Kitu?

Kuna sentensi moja ambayo ningependa ife kabla kizazi chetu hakijamaliza kujenga nyumba zake: "Huu mti utolewe tu, chini yake hakuoti kitu." Huisema fundi. Huisema mwenye nyumba, na mchora ramani, na shemeji aliyepita kusalimia mara moja akaombwa ushauri. Baada ya sentensi hiyo huja msumeno wa mashine. Baada ya msumeno huja lori la pevingi, kisha ukoka wa kununua kwa mita ya mraba, kisha bili ya maji ya kuunywesha huo ukoka, na mwisho wa yote huja feni, kwa sababu nyumba haikaliki tena mchana.

Nasoma shahada ya uzamili ya mipango miji, na sentensi hiyo nimeisikia hata kwa watu waliosoma kunizidi. Kwenye michoro yetu miti huchorwa mwisho. Unamaliza barabara, unamaliza maegesho, unamaliza mifereji, halafu unatawanya viduara vya kijani pale palipobaki, kama mtu anayejipaka poda akiwa tayari mlangoni. Kivuli chenyewe hakina alama kwenye ramani. Ardhi iliyo chini ya mti huhesabiwa kuwa ardhi isiyo na kazi, pengo linalosubiri kupewa matumizi. Nataka kubishana na hesabu hiyo, na shahidi wangu ni ua.

Kitaalamu linaitwa Scadoxus multiflorus. Waingereza wanalo jina linalolifananisha na mpira wa moto, na jingine linalolifananisha na damu. Humu nitaliita yungi-moto, ili tuelewane. Huenda umewahi kuliona bila kujua jina lake, kwa maana linaota karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara, kuanzia Senegali mpaka Somalia na kushuka mpaka Afrika Kusini, na limevuka bahari hadi Yemen. Linapenda misitu, vichaka, ukingo wa mito, kando ya vichuguu, popote penye kivuli na udongo uliojaa majani yaliyooza. Chini ya ardhi lina kitunguu kama kitunguu maji. Kiangazi chote juu ya ardhi huoni chochote, hata kijiti. Mvua za kwanza zikishuka, hutoka shina nene lenye madoadoa, na kichwani mwa shina hufunguka duara la vijiua vyekundu vyembamba kama nyuzi. Vinaweza kufika mia mbili kwa shina moja, na vyote pamoja hufanya mpira unaoweza kuzidi kichwa cha mtoto mchanga.

Watu hupiga picha siku hiyo na kuondoka. Ua lenyewe halikai, wiki moja au mbili linasinyaa, na aliyelipanda kwa ajili ya picha hudhani kazi imeisha. Hapo ndipo mimi huanza kulipenda. Nyuzi zikidondoka hubaki vitufe vya kijani, kimoja kimoja kama njegere, vimejipanga juu ya vishikio vyao. Hukaa kijani wiki nyingi. Polepole huingia rangi ya chungwa, kisha nyekundu iliyoiva hasa, nyekundu inayoonekana kutoka ng'ambo ya ua hata jioni. Wakati huo majani mapana yameshatanda chini yake, na yale matunda hubaki yakining'aa muda mrefu kuliko ua lilivyodumu. Ua ni tangazo, matunda ndiyo bidhaa. Na vyote viwili vinatokea mahali ambapo fundi amekuapia kwamba hakuoti kitu.

Sababu ya jambo hili si muujiza. Jua kali la saa saba huunguza majani ya yungi-moto, yakawa na kingo za kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto. Jani lake ni pana na laini, limeumbwa kukusanya mwanga mchache unaopenya kati ya matawi. Udongo wa chini ya mti nao ni mwepesi na hukauka taratibu, mradi majani yaachwe yalale na kuoza. Na hapa tuseme ukweli. Wengi wetu tumelelewa na fagio la chelewa. Kila alfajiri tulifagia chini ya mwembe mpaka ardhi ikatoa mistari, tukakusanya majani pembeni, tukayachoma. Tulikuwa tunachoma mbolea, kisha tunashangaa kwa nini chini ya mwembe ni pagumu kama sakafu. Pale pagumu pamefanywa pagumu na fagio, mti umesingiziwa.

Wala wazee wetu hawakuwahi kuamini kwamba kivuli ni pengo. Nenda Uchagani uone kihamba. Juu kabisa ni miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa mna viazi, mboga na majani ya ng'ombe. Ni shamba lenye ghorofa, na kila ghorofa ina mpangaji wake. Kwenye mipaka ya kihamba hicho yamesimama masale, jamii ya Dracaena, mimea ambayo asili yake ni msitu na ambayo huota vizuri chini ya miti mingine. Jani la sale limebeba msamaha Uchagani kwa vizazi. Mtu aliyekosana na mwenzake humpelekea sale, na aliyepelekewa anajua ni mzigo mzito kulikataa. Nenda Usambara Mashariki uone iliki, zao la pesa ambalo halitaki jua la wazi. Watu hawa hawakusubiri mhadhara wa mipango miji kujua kwamba chini ya mti kunaota kitu. Sisi tuliokwenda shule ndio tulioisahau elimu hiyo mahali fulani kati ya kidato cha nne na picha za bustani za Dubai kwenye simu.

Na wenzetu wa mbali waliuona utajiri huu mapema. Yungi-moto lilielezwa kitaalamu na Mwingereza Thomas Martyn mwaka 1795, na tangu hapo limekuzwa kwenye nyumba za vioo za Ulaya, na kitunguu chake huuzwa huko kama kitu cha thamani. Urujuani wa Usambara nao una kisa chake. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliukuta na kumpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland aliupa jina la kisayansi lenye ukoo wa baron ndani yake, na leo ni mojawapo ya maua ya ndani yanayojulikana sana duniani. Najua makala kama hii hutarajiwa kulia hapa kuhusu wizi wa kikoloni. Nitalia siku nyingine. Kinachoniuma leo ni kingine: watu wasio na msitu wa kitropiki waligundua kwamba dirisha lenye mwanga hafifu linatosha kukuza mmea wa chini ya miti ya Tanga. Sisi tuna hiyo miti, tuna hicho kivuli, na tunalipa watu wakiondoe.

Tatizo hili nimeishi nalo ukutani kwa chumba changu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza nilipanga chumba kwenye uwanja wenye mwembe mkubwa. Mama yangu mkubwa wa Muheza ana yungi-moto nyuma ya nyumba, chini ya michungwa, na siku moja alinifungia mbegu kumi na nne kwenye kipande cha gazeti. Niliziotesha chini ya ule mwembe. Tisa zilikua. Mwaka wa kwanza zilitoa jani moja moja, mwaka wa pili majani mawili matatu, na kila kiangazi zilijifukia zikapotea kama hazikuwahi kuwepo. Septemba ya mwaka wa tatu mafundi walifika na msumeno.

Nilimwamkia mama mwenye nyumba, nikamwomba tuzungumze.

"Mwanangu, wapangaji wanataka pa kuegesha," aliniambia. "Na huu mwembe ni uchafu mtupu. Chini yake hakuoti kitu."

"Mama, hapo kuna maua yangu tisa."

Aliangalia chini, akaangalia tena, kisha akaniangalia mimi kwa huruma ya mzazi. "Maua gani, mwanangu? Mbona mimi naona mchanga?"

Alikuwa anaona mchanga kweli. Ilikuwa Septemba. Mama yule si mtu mbaya. Aliwasimamisha mafundi nusu saa nzima ili mimi nichimbue vitunguu vyangu, na akacheka vilipotoka vyeupe na vinene kutoka mahali alipoona mchanga. Kisha mwembe ukaanguka. Vitunguu vyangu saba vimepona, viko kwenye ndoo za rangi chini ya ngazi. Chumba changu kina bati, na kabla ya hapo kilikuwa kinapata kivuli kuanzia saa sita. Sasa pevingi hushika joto mchana kutwa na kulitema usiku, nami nasomea vitabu vya mipango miji nje barazani, kwa sababu ndani hapasomeki. Mvua ikinyesha maji hayapati pa kuingia, yanateleza mpaka kwa jirani. Magari yanayoegeshwa ni mawili.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni sumu, na jibu hilo nalichukua kwa uzito kwa sababu ni kweli. Yungi-moto lina sumu kila sehemu, kitunguu zaidi ya vyote. Mbuzi na kondoo wamekufa kwa kulila, na kuna sehemu za Afrika walikolitumia kutegea samaki na kupaka mishale. Matunda yake mekundu yanamvutia mtoto. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni isubiri miaka michache, na anayefuga mbuzi aweke uzio. Lakini tusijifanye kwamba nyua zetu zilikuwa salama mpaka yungi-moto lilipobisha hodi. Bibi zetu walizungushia nyumba mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Walizungushia mbono, ambao mbegu zake zikiliwa mtu anatapika mpaka basi. Watoto waliambiwa "usiguse hicho," wakakua, wakawa sisi. Kumfundisha mtoto mmea gani hauliwi ni sehemu ya kumlea, na mtoto asiyewahi kufundishwa hivyo hana usalama wowote siku akitoka nje ya pevingi.

La pili ni nyoka. Watu hufagia chini ya miti kwa sababu wanataka kuona wanapokanyaga, na hiyo ni hekima. Sijasema ugeuze ua wako pori. Kitalu cha hatua tatu kwa mbili, kimezungushiwa mawe, mbali na mlango na njia ya chooni, kinatosha. Majani yaoze humo ndani, kwingine kote fagia mpaka roho yako itulie.

La tatu ni la wanaharakati wenzangu: maua ni anasa, watu hawana maji, wewe unatuletea habari za matunda ya mapambo. Hili ndilo linalonikasirisha, kwa sababu limegeuza mambo juu chini. Anasa ni pevingi. Anasa ni ukoka unaodai maji Januari. Mbegu ya yungi-moto ni bure, haihitaji kumwagiliwa kiangazi, na inakaa chini ya kitu ambacho maskini hutumia badala ya kiyoyozi, yaani mti. Mwenye uwezo akikata mwembe wake hununua mashine ya baridi. Aliyepanga chumba cha bati nyuma yake hanunui kitu, anavumilia tu. Kutetea kivuli ni kumtetea huyo.

Lakini nina ugomvi na upande wangu pia, na sitaki kuuficha. Tangu watu walipoanza kuyapenda maua ya asili, vitalu vya barabarani vimeanza kuuza yungi-moto likiwa limechanua. Muulize muuzaji amelitoa wapi. Niliyemuuliza mimi alinijibu bila wasiwasi: "Porini, kaka, yako mengi." Kitunguu kilikuwa kimekatwa mizizi kwa jembe, shina limefungwa na kamba lisianguke. Kinachong'olewa siku ya kuchanua hakizai matunda mwaka huo, na ndege hawapati cha kula na kutawanya. Ukinunua ua hilo umenunua pia mbegu zake zote ambazo hazitakuwepo. Simlaumu sana muuzaji, anauza kinachotakiwa. Namlaumu mnunuzi mwenye digrii anayetaka msitu uletwe nyumbani kwake Jumamosi mchana, ukiwa tayari na rangi.

Njia ya halali ni ya mbegu, na haina ugumu. Subiri matunda yaive hasa, yaachie yenyewe ukiyagusa. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi, yaminye utoe nyama, osha mbegu. Usizikaushe ukaziweka kabatini kama mbegu za mchicha, maana zikikauka zinakufa. Zipande wiki hiyo hiyo. Changanya mchanga na majani yaliyooza, zikandamize juu yake bila kuzifukia zote, weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutota. Mbegu itatoa mzizi, na mzizi utajenga kitunguu kidogo kabla hujaona jani. Mwaka wa kwanza usiache zikauke. Baada ya hapo zifuate mvua: majani yakianza kuwa ya njano acha maji kabisa, kwa maana kitunguu kilicholala kikilowa huoza. Ukihamishia ardhini, shingo ya kitunguu iwe usawa wa udongo, kisha usikisumbue. Kuna kiwavi cheusi chenye madoa meupe kinachopenda jamii hii ya maua. Kitoe kwa mkono jioni. Ua la kwanza litakuja mwaka wa tatu, wa nne, pengine wa tano.

Miaka mitano! Najua. Ndiyo maana nimeliacha jibu hili la mwisho, kwa sababu ndilo lililo chini ya mengine yote. Tumezoea bustani inayoletwa na gari asubuhi na kupigwa picha jioni. Lakini angalia tulivyo. Tunasubiri miaka mitatu ya digrii, miwili ya uzamili, na sijui mingapi ya ajira, na hatusemi kwamba huko hakuoti kitu. Tunakopa kwa miaka kumi kununua kiwanja. Tunajenga msingi, tunauacha uote nyasi, tunarudi pesa ikipatikana. Hakuna watu duniani wanaojua kusubiri kuliko sisi. Huo uvumilivu tunaoupa tofali, tuupe na mti, tuupe na kilicho chini yake.

Sina ugomvi na mimea ya kigeni. Mwembe wenyewe ni mgeni, alitoka Asia, na bogenvilia ilitoka Amerika ya Kusini, na zote zimeshakuwa za nyumbani. Ninachodai ni kidogo tu: kabla ya kukata, uliza nini kinapenda kukaa hapo. Kabla ya kumwaga zege, acha msimu mmoja wa mvua upite juu ya udongo huo bila fagio. Kama una kiwanja, acha mti mmoja uliokutangulia. Kama umepanga, otesha kwenye ndoo. Kama unachora ramani, chora kivuli cha saa nane mchana kama unavyochora barabara, na ukipe jina. Na fundi akikuambia chini ya mti huo hakuoti kitu, muulize alipaangalia mwezi gani.